Anza na bakuli: namna ya kumlisha paka na kumhudumia tumbo linapomsumbua

Chausiku aliletwa kwangu Tandika, Dar es Salaam, ndani ya boksi la viatu, mweusi tii, na kwa mwaka mzima wa kwanza sikujua kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimwumiza tumbo. Asubuhi nilimpa maziwa. Mchana ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa. Usiku mabaki ya sahani zetu, na pilau ikiwepo alipata pilau. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anaharisha, nami nakimbilia duka la dawa. Muuzaji ananipa vidonge, tumbo linatulia siku tatu, linarudi. Daktari wa mifugo aliyemwona mwishowe hakuanza na sindano. Aliniuliza swali moja tu: "Jana alikula nini, kuanzia asubuhi mpaka usiku?" Nilipomaliza kumtajia, akasema, "Dada, tuanze na bakuli."

Ndiyo mpangilio ninaoufuata hapa. Ila kama paka wako yuko hoi sasa hivi, ruka yote uende hatua ya 8, kisha utarudi huku akishapata nafuu.

Hatua ya 1: Mjue unayemlisha

Paka ni mla nyama kwa maumbile, tena kuliko mbwa. Babu yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye bado anaishi kwenye mbuga zetu, na chakula chake ni panya, ndege na mijusi. Mwili wa paka hauna njia nzuri ya kutengeneza baadhi ya virutubisho, kwa hiyo lazima avipate kutoka kwa mnyama mwingine. Kikubwa zaidi ni taurini. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini ya kutosha misuli ya moyo wao hulegea na moyo kutanuka, na kwamba wengi hupona wakipewa taurini. Upungufu huo huo huharibu macho hadi upofu. Mahindi, mchele na viazi havina taurini kabisa.

Ugali kidogo si sumu. Tatizo ni kwamba unamjaza tumbo bila kumlisha. Paka ana vimeng'enya vichache vya kusaga wanga, kwa hiyo ugali mwingi hufika utumbo mpana haujasagika, unachachuka, na matokeo ni gesi na choo laini. Halafu kuna sumukuvu. Unga wa mahindi uliohifadhiwa vibaya huwa nayo, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hushambulia ini, na paka mwenye kilo tatu nne hana ini la kuhimili mzigo huo. Unga ulioota ukungu usiseme "basi nitampikia paka."

Maziwa nayo. Kitoto cha paka kina kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, lakini kikishaacha kunyonya kimeng'enya hicho hupungua. Paka mkubwa atayapenda maziwa, atayalamba mpaka bakuli ling'ae, na jioni ataharisha. Wapo wanaoyahimili, na wa kwako anaweza kuwa mmoja wao. Ila anayeharisha mara kwa mara, kitu cha kwanza kuondoa ni maziwa, kisha subiri wiki moja uone. Kwa Chausiku hilo peke yake lilimaliza nusu ya tatizo.

Hatua ya 2: Badili kilichomo ndani ya bakuli

Chakula rahisi kuliko vyote ni kile cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, kilichoandikwa kwamba kina virutubisho vyote. Usimpe cha mbwa, kwa sababu hakijawekewa taurini ya kumtosha paka. Na kama unanunua cha kupimiwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, kinuse kwanza. Mafuta yake yakigusana na hewa na joto la hapa kwetu huchacha, na unyevu huleta ukungu. Kikinuka kama mafuta yaliyokaangiwa mara tano, kiache. Mimi hununua kidogo kidogo na kukifunga kwenye ndoo yenye mfuniko.

Najua wengi wetu hatumudu chakula cha dukani mwezi mzima. Hakuna aibu, na paka anaweza kulishwa vizuri kutoka bucha, soko na jikoni mradi ujue unachofanya. Mimi huchanganya: kikavu cha dukani kidogo asubuhi, cha kupika jioni.

Kwa cha kupika, tegemea kuku na viungo vya ndani. Paja la kuku lina taurini nyingi kuliko kidari, na moyo nao una nyingi. Moyo wa ng'ombe unapatikana kwa bei nafuu kwa wanaouza nyama za ndani zinazotoka machinjioni Vingunguti, na firigisi na mioyo ya kuku ipo kila soko lenye machinjio ya kuku. Chemsha bila chumvi, bila vitunguu, bila mafuta, kisha katakata. Supu usiimwage: taurini huyeyuka na kuingia kwenye maji, kwa hiyo mmwagie nyama yake na supu yake, ikishapoa. Paka mzima wa kilo nne anahitaji kama gramu 120 hadi 150 za nyama iliyopikwa kwa siku, ukigawa mara mbili au tatu. Akila na chakula cha dukani, punguza.

Maini ni dawa na ni sumu, inategemea kipimo. Kipande kama kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki kinatosha. Paka anayelishwa maini kila siku hujaza vitamini A mwilini, na baada ya muda mifupa ya shingo huota vinundu na kushikana mpaka hawezi kugeuza kichwa. Nimewahi kumwona paka wa namna hiyo kwa mwenye bucha. Alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, lakini kujilamba mgongo hawezi.

Nyama tupu bila mfupa ina upungufu mwingine: haina kalsiamu. Kwa vitoto vinavyokua hili ni hatari kweli, mifupa hulainika na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Dagaa mzima anayeliwa na mifupa yake husaidia. Au chukua ganda la yai, lichemshe, likauke, lisage liwe unga laini kabisa, uweke nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Sasa samaki, maana Dar bila samaki si Dar. Ukienda Feri asubuhi utaona paka wamejipanga chini ya meza za wapaa samaki, wanene na wenye furaha, na utajiuliza kwa nini wa kwako asile samaki kila siku. Kuna sababu tatu. Kwanza, baadhi ya samaki wabichi, hasa wadogo jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayekula wabichi siku nyingi huanza kukosa hamu ya kula, kutapika, kisha kichwa kinaning'inia kuelekea kifuani na anapata degedege. Kupika huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo pika. Pili, vibua na jodari wana mafuta mengi, na paka anayelishwa hao tu bila vitamini E ya kutosha hupata uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Ukimshika mgongoni analia. Tatu, samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kuwaletea paka mzio, unaoonekana kwa kujikuna, kutapika au kuharisha kusikoisha. Kwa hiyo samaki mara mbili kwa wiki, aliyechemshwa na kutolewa miba. Dagaa wa chumvi waloweke, wachemshe, mwaga yale maji.

Na mabaki ya sahani zetu? Hapa nitakuwa mkali. Mchuzi wetu wote una kitunguu maji, na pilau ina kitunguu saumu juu yake. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vilivyokaangwa au vya unga. Hafi siku hiyo hiyo. Anapungukiwa damu polepole, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unaweza kuwa na rangi ya chai, na wewe huoni uhusiano na mchuzi wa juzi. Mtengee nyama yake kabla hujakaanga kitunguu. Chokoleti na zabibu pia asiguse.

Hatua ya 3: Badilisha taratibu

Ukishasoma hayo usiende kumwaga kila kitu leo. Kubadili chakula ghafla nako kunaharisha, hata kama kipya ni bora. Siku mbili tatu za kwanza weka robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani. Zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha robo tatu za kipya. Kufikia siku ya 7 hadi ya 10 awe amehama kabisa. Akigoma, pasha joto kidogo, maana paka hula kwa pua kwanza. Maziwa na mchuzi wa vitunguu tu ndivyo vya kukata siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Maji, joto na sisimizi

Paka alitoka nchi za ukame, na mwili wake umezoea kupata maji kutoka kwenye windo. Panya ana maji kama asilimia 70. Chakula cha kopo kina kama 75 au zaidi, ila kile kikavu kina kama asilimia 10 tu. Paka anayekula kikavu tupu, Januari au Februari, ndani ya nyumba ya bati, huwa hanywi maji ya kutosha kufidia. Ndipo choo kinakuwa kigumu na mkojo unakuwa mzito.

Weka bakuli mbili za maji, mbali na chakula na mbali na mchanga wa choo. Wengi wanapenda bakuli pana ambalo sharubu hazigusi kingo. Badilisha maji asubuhi na jioni. Ongeza vijiko viwili vya maji au supu isiyo na chumvi kwenye chakula.

Chakula chenye majimaji kisikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto letu. Inzi na vijidudu havisubiri. Kilichobaki weka kwenye friji, au kama huna friji pika cha mlo mmoja. Sisimizi wakikusumbua, weka bakuli la chakula katikati ya sahani yenye maji kidogo, hawatavuka.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma choo na matapishi

Haipendezi kuandika, lakini ndiko habari zote ziliko. Choo kizuri cha paka ni cha kahawia, kimeshikana, hakiachi unyevu mwingi kwenye mchanga, na hutoka kama mara moja kwa siku. Tazama kila siku unapozoa.

Kinyesi kingi cha majimaji, mara mbili tatu kwa siku, na paka anakonda: shida iko utumbo mwembamba. Kidogo kidogo mara nyingi, chenye ute, pengine na tone la damu nyekundu, na anajikamua: ni utumbo mpana. Cheusi kama lami ni damu iliyosagwa tumboni, na hicho hakingoji kesho. Mweleze daktari kwa maneno haya haya, utamsaidia kuliko kusema "anaharisha" tu.

Kutapika nako kuna aina zake. Chakula kikirudi kizima, kimeumbika kama soseji, dakika chache baada ya kula na bila tumbo kukukutika, mara nyingi amekula mbiombio. Mtandazie chakula kwenye sinia badala ya bakuli lenye kina, na kama una paka wawili walishe mbalimbali, maana wanashindana. Kitu kirefu chenye nywele ni manyoya aliyojilamba. Mara moja moja si kitu, mchane tu kwa kitana kila siku mbili. Ikiwa kila wiki, au anakukutika na hakuna kinachotoka, mpeleke. Povu jeupe au maji ya manjano ni tumbo tupu au nyongo. Likitokea mara moja asubuhi na bado anacheza, mlishe mapema zaidi.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza ya kuharisha

Paka mzima, mchangamfu, anakula, hana damu kwenye choo na hatapiki: unaweza kumhudumia nyumbani kwa siku moja au mbili. Kitoto hapana, kitoto huishiwa maji ndani ya saa chache.

Ondoa maziwa, samaki na chakula kipya chochote. Mpe kuku aliyechemshwa bila ngozi, bila chumvi, amechambuliwa, kiasi cha vijiko viwili mara nne au tano kwa siku. Ukipenda ongeza kijiko cha boga lililochemshwa na kupondwa. Maji yawepo muda wote. Kama alitapika, ondoa chakula kwa saa chache, halafu anza na kijiko kimoja. Usimfungishe siku nzima ukidhani unapumzisha tumbo. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza, naye anaweza kufa kwa ini wakati kuharisha kulishakwisha.

Pima maji mwilini: vuta ngozi ya mabegani kisha iachie. Ikirudi papo hapo ni sawa. Ikirudi polepole kama hema linaloanguka, na fizi zinanata kidoleni, amekaukiwa, na anahitaji dripu kwa daktari. Usimnyweshe kwa nguvu kwa bomba la sindano, maji yataingia mapafuni.

Sasa dawa. Najua kwenye kabati lako kuna Flagyl, kwa sababu na mimi ilikuwepo. Ni dawa halali ya daktari kwa baadhi ya magonjwa, lakini kidonge cha mtu mzima wa kilo 70 hakigawanyiki kwa jicho kikamfaa paka wa kilo 3, na ikizidi inashambulia mishipa ya fahamu: paka anayumba na kutetemeka. Tena kuharisha kwingi hakuhitaji antibayotiki kabisa. Dawa za kuzuia kuharisha za binadamu usimpe. Na Panadol, tafadhali, kwa jina la Mungu, usimpe hata nusu. Ini la paka haliwezi kuiondoa, damu yake inashindwa kubeba hewa, uso unavimba, fizi zinakuwa za kijivu au kahawia, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa nyingine za maumivu, aspirini, diclofenac, ibuprofen, nazo ziache.

Hatua ya 7: Minyoo

Kitoto chenye tumbo kama ngoma na mgongo wenye mifupa kina minyoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Minyoo ya duara hupita hadi kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kutoka nje anazaliwa kwenye njia yake. Vile vipande vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia ni tegu. Tegu wa kawaida huletwa na viroboto: paka anajilamba, anameza kiroboto, anapata tegu. Ukitoa minyoo ukaacha viroboto umefanya kazi ya bure, baada ya wiki chache wamerudi. Lakini usichukue dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrin, na kwa paka huleta degedege na kifo.

Vitoto huanza kupewa dawa wakiwa na wiki 3, kila baada ya wiki 2 mpaka wiki mbili baada ya kuacha kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Paka mzima anayetoka nje, kila miezi 3. Mpime uzito kwanza: panda mzani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe tofauti. Mpelekee muuza dawa za mifugo uzito huo na sema ni paka. Dawa ya kuku au mbuzi usikadirie.

Mchanga wa choo uzolewe kila siku. Mayai ya toksoplazma, kimelea kinachoweza kudhuru mimba, yanayotoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji kati ya siku 1 na 5 nje ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo anayezoa kila siku anakata mnyororo. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Hakuna sababu ya kumtupa paka kwa ajili ya mimba.

Hatua ya 8: Yasiyongoja

La kwanza naliandika kwa uchungu. Jirani yangu alikuwa na paka dume mkubwa, wa rangi ya chungwa. Siku moja akawa anaingia na kutoka kwenye mchanga, anachuchumaa, anajikamua, analia, hakuna kinachotoka. Sote tukasema choo kimefunga. Tukampa mafuta ya kula kwa kijiko. Siku ya pili akatapika na kulala chini ya kitanda. Siku ya tatu asubuhi alikuwa amekufa. Halikuwa tumbo kabisa. Mrija wa mkojo ulikuwa umeziba, sumu za mkojo zikarudi kwenye damu na moyo ukasimama. Dume anayejikamua, mshike tumbo la chini polepole. Ukikuta kitu kigumu kama limau au chungwa, au hujaona mkojo tangu jana, beba paka uondoke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na mafuta mdomoni usimpe kwa hali yoyote, huteleza yakaingia mapafuni.

Kama kweli ni choo kigumu, mkojo unatoka vizuri na siku mbili zimepita, mwongezee maji na boga na chakula chenye majimaji. Ikifika siku ya tatu, nenda.

Mengine ya kuondoka nayo mara moja: kitoto kinachotapika na kuharisha huku kimelegea, hasa kama hakijachanjwa. Huenda ni panleukopenia, virusi vinavyoua vitoto haraka, na vinakaa sakafuni hadi mwaka mzima. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Palipokuwa na mgonjwa piga deki kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, iache dakika 10 kabla ya kusuuza.

Uzi unaoonekana chini ya ulimi au unaoning'inia nyuma: usiuvute. Ncha nyingine imenasa ndani, na ukivuta unakata utumbo kama waya. Wenye cherehani nyumbani, fungeni nyuzi kwenye kopo.

Kutapika damu, kutokwa damu puani, fizi nyeupe: fikiria sumu ya panya. Wale wanaopita mitaani na spika wakiuza dawa ya panya na mende hawakuelezi ndani mna nini, na paka akila panya aliyekwisha kula sumu naye anaipata. Okota pakiti kama ipo, uende nayo. Usimtapishe kwa chumvi wala kwa maziwa.

Macho au fizi za manjano ni ini. Tumbo lililovimba na kuuma, kutapika zaidi ya mara tatu kwa siku, kukataa kula kwa saa 24, vyote ni safari.

Hatua ya 9: Kwa daktari na kurudi

Hakikisha unayempelekea ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Usione haya kuuliza, sheria ya mwaka 2003 ndiyo inayodai hivyo. Wengi hapa Dar hufika nyumbani ukiwapigia. Kipimo kikihitaji maabara kubwa, daktari anaweza kupeleka sampuli Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke.

Chukua kinyesi kibichi cha asubuhi hiyo, kiasi cha kijiko cha chai, ndani ya kichupa chenye kifuniko, kisipigwe jua. Piga picha ya matapishi. Andika alikula nini siku tatu zilizopita, na dawa yoyote uliyompa. Sema ukweli hata kama ulimpa Flagyl, daktari hatakupiga. Mbebe kwenye tenga la kuku au kikapu cha mfuniko, umefunga khanga juu ili asione barabara. Bajaji ni bora kuliko bodaboda. Usimshike mikononi tu, honi moja ya daladala itampeleka Mbagala.

Ukipewa vidonge, usimsukumie kikavu. Kidonge hukwama kwenye umio la paka na kuuchoma, hasa antibayotiki iitwayo doksisaiklini. Kila kidonge kifuatwe na tonge la chakula laini, au na mililita chache za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukitiririsha pembeni mwa shavu, polepole, tone kwa tone, kama amekubali kumeza. Chausiku sasa ana miaka tisa, na kidonge hukipokea kikiwa ndani ya moyo wa kuku uliochanwa katikati. Anapewa kwanza moyo usio na kitu, kisha wenye dawa, kisha wa tatu mtupu anaouwahi mbio kabla hajagundua kilichokuwa kwenye ule wa pili.